Wagawaji wa Baki

Kila Mzee Ishirini alipopita, Tisa aligeukia ukuta.

Hakujua kwamba anafanya hivyo. Aliambiwa na Kumi na Nne, mwanamume mwenye mabega mapana aliyependa kutembea kando yake huku akitafuna karanga. Ilikuwa siku moja kabla ya kura ya mwisho.

"Dada Tisa, nikuulize kitu bila kuninunia?"

"Uliza."

"Huyu mzee amekukosea nini?"

"Mzee gani?"

"Ishirini. Kila tukipishana naye unatazama ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Mara ya kwanza nilidhani unataka kupiga chafya. Baadaye nikadhani kuna kitu unasoma. Nimeukagua huo ukuta, hauna hata ufa."

Tisa akacheka. "Unanizulia."

"Haya. Tuzunguke tena, utaona."

Wakaendelea kutembea. Katika jengo lile kila mtu alitembea. Liliitwa Duara kwa sababu lilikuwa na ukumbi mmoja katikati, nao ukumbi umezungushiwa ujia mrefu, usio na dirisha, uliopindapinda huku na huku kabla ya kurudi ulikoanzia. Hakuna aliyejua liko nchi gani. Wajumbe walikula wakitembea, walibishana wakitembea, na waliokaa kitako walitikisa magoti mpaka meza zikalia. Madaktari waliwaonya tangu mwanzo. Kibandiko kilichokaa nyuma ya sikio, ambacho kila mtu alikiita Pazia, hakifuti kumbukumbu. Huficha mahali tu. Unabaki na uso wa mama yako, na ladha ya chakula chake, na jinsi anavyokunja kanga. Lakini ukijiuliza mambo hayo yote yako wapi duniani, wazo linateleza kama sabuni bafuni. Majina nayo yalifichwa, maana jina la mtu lina kwao. Ndiyo sababu waliitana kwa namba za viti.

Akili huizoea hali hiyo upesi. Miguu haiizoei. Inaendelea kutafuta.

Tisa alikuwa na jikoni moja katika kumbukumbu zake ambayo aliirudia kila alipochoka. Kulikuwa na mafiga, kuni zilizolowa, mwanamke mnene aliyeinama akipuliza moto, na dirisha dogo lisilo na kioo. Nje ya dirisha hakukuwa na kitu. Kulikuwa na weupe tu. Alipoieleza jikoni hiyo kwa mlezi wake, Salvina, siku za mwanzo, Salvina alimjibu kwamba weupe huo ndio Pazia lenyewe likifanya kazi, asihangaike nao.

Kutoka nyuma ya kona ikasikika sauti ya mtu akikohoa. Mara moja, kavu.

Mzee Ishirini akatokea, mrefu, mwembamba, mikono nyuma. Akapita. Hatua zake zilipokwisha kusikika, Kumi na Nne akamgusa Tisa begani.

"Sasa niambie."

Tisa alikuwa ameusogelea ukuta kiasi cha kunusa rangi yake. Kichwa alikuwa amekiinamisha, magoti ameyakunja kidogo, na upande wa mtandio wake alikuwa ameushikilia mdomoni. Hakukumbuka kuushika.

"Nimefanya lini hivi?" akauliza.

"Alipokohoa," Kumi na Nne akasema, na safari hii hakucheka. "Hukusubiri hata atokee."

*

Alasiri waliitwa ukumbini kwa mjadala wa mwisho.

Walichokuwa wakigawana kiliitwa Baki. Anga lilikuwa na nafasi ya hewa ukaa kiasi fulani tu kabla ya joto kuvuka mpaka ambao likishauvuka hakuna mtu angeweza kulirudisha, na sehemu kubwa ya nafasi hiyo ilikuwa imeshajazwa na moshi wa watu ambao wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Kilichosalia kilikuwa kidogo, na kila nchi ilikuwa na sababu. Mmoja alisema tugawane kwa idadi ya watu. Mwingine akasema waliochoma sana zamani wasipewe kitu. Mwingine akasema mwenye uwezo wa kuishi bila moshi ampishe asiye nao. Hoja zote zilikuwa za kweli, na kila mjumbe aliichagua ile iliyoipa faida nchi yake. Mikutano ilivunjika mmoja baada ya mwingine, hadi pale mtu mmoja alipopendekeza dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wakimbizi waliosumbuliwa na ndoto za kwao. Wagawaji wasijue wao ni nani. Hapo ndipo watagawa sawasawa.

Na kwa kweli waligawa. Nchi ziliitwa kwa majina ya ndege, na kila moja iliwekwa juu ya meza kubwa ya mwanga katikati ya ukumbi: milima yake, mito yake, hospitali zake, watu wake. Watengenezaji wa meza walikuwa wajanja. Kila ramani waliigeuza kama inavyogeuka sura kwenye kioo, ili jicho lisije likaitambua. Kwa wiki kadhaa mafungu yote yalipata wenyewe, isipokuwa moja. Fungu hilo lilihitajiwa na nchi mbili, na likikatwa nusu halingefaa kwa yeyote.

Nchi ya Korongo ilikuwa kubwa. Sehemu ya watu wake waliishi kwenye miteremko ya milima ya mvua, na mvua ilikuwa imezidi. Ardhi ilikuwa ikiteleza na nyumba zake. Walihitaji kuta za zege na mifereji, mamia ya kilomita. Saruji haina njia ya mkato. Hata ukiipika kwa jua, hewa ukaa imo ndani ya jiwe la chokaa lenyewe na hutoka jiwe linapoungua.

Nchi ya Chiriku ilikuwa ndogo na nyembamba, imelala kando ya ziwa refu. Umeme wake wote ulitoka kwenye mto mmoja, na mto huo ulikuwa umenyauka. Iliomba kuchoma gesi ya kununua kwa miaka michache, mpaka mashamba yake ya jua yakamilike. Isipopewa, pampu za maji zingesimama, na wodi za watoto waliozaliwa kabla ya wakati zingezimika.

Mzee Ishirini alisimama kuitetea Korongo. Alizungumza polepole, na kifaa cha tafsiri kilicho sikioni mwa Tisa kilimletea maneno yake kwa Kiswahili laini, kama kilivyomletea ya kila mtu.

"Mnasema watu wa miteremko wahamishwe. Wana makaburi pale. Wana migomba iliyopandwa na babu zao. Mtu si sufuria, ukaitoa jiko hili ukaipeleka jiko lile."

Tisa hakupenda kusema mbele za watu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na kila aliposimama mikono ilimtoka jasho. Lakini jambo hili alikuwa amelitafakari mno.

"Naheshimu makaburi," akasema, akiangalia meza badala ya nyuso. "Ila watu wa Korongo wana mahali pa kwenda. Nchi yao ina tambarare. Itawauma, wazee wengine hawatapona moyo, nalijua hilo. Lakini watakuwa hai. Mtoto wa Chiriku aliye kwenye mashine hana tambarare ya kuhamia. Wahamishwe."

Akaketi. Kumi na Nne akamnong'oneza, "Wewe mpole hivyo, kumbe una kisu."

Ikapigwa kura ya majaribio. Chiriku iliongoza kwa kura moja. Kanuni ilisomwa tena: kesho ndiyo kura yenyewe, na zikilingana, fungu linakwenda kwa nchi yenye watu wengi zaidi. Yaani Korongo.

*

Chumbani kwake Tisa hakuweza kukaa. Alizunguka kati ya kitanda na sinki, akijaribu kufanya makusudi kile ambacho mwili ulifanya wenyewe. Akainamisha kichwa. Akakunja magoti. Akauma upande wa mtandio.

Ni nani aliyenifundisha?

Mkono ukamgusa kisogoni. Haukuwepo chumbani, ulikuwa jikoni kule, mkono wa yule mwanamke mnene, wenye majivu, ukimsukuma taratibu kuelekea kona ya ukuta. *Huyo baba mkwe wako. Akikohoa, wewe hupo.* Na alikuwa akicheka, yule mama, akimfundisha bibi harusi namna ya kuishi katika nyumba ambayo hapaswi kamwe kutazamana na baba wa mume wake. *Na yeye anajua. Hafiki kona bila kukohoa. Anakupa nafasi ujifiche. Hivyo ndivyo mnavyoheshimiana, hata mwaka mzima ukipita bila neno.*

Tisa akasimama katikati ya chumba.

Mama mkwe akageuka kutoka kwenye moto, akatazama dirisha lenye weupe, akasema kwa kero ya kila siku: *Ziba hapo, ukungu unaingia, kuni hazitawaka.*

Ukungu.

Weupe ule ulikuwa unatembea. Uliingia dirishani, ukalamba mafiga, ukatoka. Halikuwa Pazia. Haikuwa dawa. Ulikuwa ukungu wa asubuhi, ule ule wa siku zote, na sasa ulipopungua yakaanza kujitokeza majani ya migomba, meusi kwa unyevu, moja baada ya jingine, kisha mistari ya chai, kisha barabara nyekundu inayopanda, na juu ya vyote mlima.

Rungwe.

Jina lilimtoka kinywani. Akauziba mdomo kwa mikono miwili. Mengine yakafuata bila kuitwa: Tukuyu, soko la ndizi, mume wake Ambakisye anayecheka kwa pua, na yeye mwenyewe, Tusekile, mtoto wa watu wa Kyela aliyeolewa mlimani na kulia wiki nzima kwa baridi. Na mwisho kabisa, kama mtu anayegeuza nguo iliyovaliwa nje ndani, akaigeuza ile ramani ya mezani. Kulia kukawa kushoto. Miteremko ya Korongo ikakaa mahali pake. Mmoja wao ulikuwa na nyumba yenye jikoni ya dirisha dogo.

*Wahamishwe.*

Aliketi sakafuni. Kwa mara ya kwanza tangu aingie Duara, miguu yake ilitulia kabisa, na hilo lilimwogopesha kuliko kitu kingine chochote.

Karibu na mlango kulikuwa na kengele nyekundu. Sheria ilikuwa fupi, na wote waliikubali kabla ya kubandikwa: anayekumbuka apige kengele, atoke, na kura yake ifutwe. Haijalishi anataka kupiga vipi. Hakuna anayejua woga unaukunja vipi moyo wa mtu aliyekwisha kujua kwao, hata mwenyewe hajui.

Akainuka, akainyooshea kengele mkono. Kisha akafanya hesabu ambayo mtoto angeifanya.

Akitoka, Chiriku inapungukiwa kura moja. Zinalingana. Fungu linakwenda Korongo. Kuta zitajengwa, mama mkwe ataendelea kuzozana na ukungu wake, na baba mkwe atakufa siku moja kwenye kitanda chake na kuzikwa kando ya babu zake. Na yeye Tusekile atakuwa amefuata sheria. Hakuna atakayemnyooshea kidole. Atarudi nyumbani na uaminifu wake na nyumba yake, vyote viwili.

Mkono ulibaki hewani.

Kwa sababu kulikuwa na jambo jingine. Ni wapi tena mzee hukohoa kabla ya kona? Watu wa kwao walikuwa na ndugu ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi: lugha moja, ndizi zile zile, heshima ile ile ya wakwe. Kila nchi ilikuwa na mjumbe mmoja tu. Kama yeye alikuwa wa upande huu, basi Mzee Ishirini alikuwa wa upande ule. Nchi nyembamba, kando ya ziwa refu, yenye mto mmoja.

Alikuwa akiipigania nyumba ya Tusekile, naye Tusekile akiwapigania wajukuu wake. Na mzee hajui.

*

Alimsubiri kwenye ujia, baada ya kona, mgongo ukiwa umeelekea njia na uso ukutani. Safari hii alijua anachofanya.

Kikohozi. Hatua. Hatua zikasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Leo unamwamkia nani, mimi au ukuta?"

"Wewe, baba. Nisamehe kwa kukupa mgongo."

"Wala hujaniudhi. Ajabu yake, ukigeuka ndipo nitakapoudhika." Mzee akacheka kidogo, kama aliyejishangaa. "Umri huu."

"Baba, kwa nini unakohoa kabla ya kona?"

"Nakohoa?" Akajisikiliza. "Kifua changu kizima. Nadhani... nahisi mbele kuna mtu. Nikimkuta ghafla nitakuwa nimemvunjia heshima. Simjui ni nani. Nampa nafasi tu."

"Naye akisikia?"

"Anatua ndoo. Ana ndoo kichwani, huyo mtu, anaitua pembeni, anajificha nyuma ya..." Sauti ya mzee ikabadilika, ikawa nyepesi, kama ya mtu anayesogelea kitu gizani kwa mikono. "Kuna mwembe hapo? Hapana. Kuna ukuta wa matofali, na nyuma ya ukuta kuna maji. Maji mengi, hayana mwisho, na jua linatokea ng'ambo ya..."

"Usiendelee, baba!"

Aliisema kwa nguvu ambayo hakujua anayo. Mzee akashtuka akanyamaza. Neno moja zaidi na angekuwa amemwamsha. Na mzee wa aina hii, akiamka, angekwenda moja kwa moja kwenye kengele. Kura ya Korongo ingepungua, Chiriku ingepata kwa nafasi kubwa, na yeye angeweza kupiga kengele yake bila kuinyima kitu, asilazimike kusema uongo kwa mtu. Ingekuwa rahisi hivyo. Lakini ingekuwa ni kumnyang'anya mzee kitu alichokuja kukitoa, kura ya mtu asiyejua kwao.

"Sawa," mzee akasema taratibu. "Sawa, mwanangu. Wazo limeshateleza."

"Kesho nitapiga kura kinyume chako," akaendelea. "Usinichukie."

"Siwezi kukuchukia. Lakini kwa nini Korongo, baba? Niambie tena, siyo kama ulivyosema ukumbini."

"Uliposema wahamishwe, nilimwona mzee mwenzangu. Ameketi mlangoni kwake, fimbo magotini. Vijana wamekuja na gari, wanamwita. Hasimami. Hawatukani, hasemi kitu, hasimami tu. Simjui ni nani huyo mzee, lakini siwezi kumpita."

Tusekile alifumba macho. Alimjua. Alijua hata fimbo.

"Na wewe? Kwa nini Chiriku?"

"Kwa sababu hawana pa kwenda."

"Ndiyo," mzee akasema. "Ni hoja nzuri. Ina nguvu kuliko yangu. Ila mimi yule mzee hanipi nafasi."

Akakohoa, kwa adabu, kumwarifu kwamba anaondoka.

*

Asubuhi Salvina aliingia na chai ya maziwa na maswali yake mawili. Alikuwa msichana wa umri wa Tusekile, mwenye mikono ya haraka, na aliyauliza kila siku kwa namna ile ile, kama mtu anayeuliza habari za mafua.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Umekumbuka?"

Kibandiko hakikuwa na uwezo wa kusoma moyo. Ilibidi waulizwe, na walioulizwa waaminiwe. Nyumba nzima ya Duara ilisimama juu ya swali hilo.

Tusekile alizungusha kijiko katika chai. Usiku kucha alikuwa akitembea ile njia na kujigeuza upande huu na ule. Je, naipigia Chiriku kwa sababu ni haki, au kwa sababu nataka kujiona mwema? Je, jana, nilipokuwa sijui kitu, nilikuwa mtu bora kuliko leo? Mara nyingine alidhani amepata jibu, na alipofika kona lilikuwa limegeuka. Kitu kimoja tu hakikugeuka. Jana alisema Chiriku hawana pa kwenda, na leo bado hawakuwa na pa kwenda. Kilichobadilika ni yeye.

"Mbona kimya, dada? Chai imekosa sukari?"

"Bado," Tusekile akasema. "Sijakumbuka."

Salvina akamtazama kidogo zaidi ya kawaida. Kisha akachukua sinia. "Haya. Jitahidi hata ule kipande cha mkate."

Ukumbini walikuwa wamejipanga kwa namba. Kupiga kura kulikuwa ni kuweka kiganja juu ya meza, upande wa Korongo au upande wa Chiriku, na mwanga wa upande huo ungeongezeka kidogo. Hakuna siri. Kumi na Nne alikuwa mbali, akimwonyesha kwa ishara ya midomo kwamba karanga zimemwishia.

Zamu yake ilipofika alisogea mezani. Milima ya Korongo iling'aa chini yake, imegeuzwa, na yeye aliigeuza. Aliiona nyumba. Kwenye meza haikuwa kubwa kuliko punje ya ulezi. Akaona atakaporudi: kibandiko kitatolewa, mume wake atampokea kituoni akicheka kwa pua, na njiani atamweleza habari ambayo nchi nzima itakuwa imeshaisikia, kwamba wagawaji wameamua, kwamba kabla ya masika kila mtu wa mteremko awe ameshuka. *Walijua nini hao wagawaji,* atasema Ambakisye. *Hawajawahi kufika hapa.*

Mkono wake ulikwenda upande wa Korongo. Ulikwenda wenyewe, kama ulivyozoea kushika mtandio. Akauona ukienda. Akaukamata kwa mkono wa pili, mbele ya watu wote, akauburuta kuvuka meza, na kuushindilia juu ya ziwa refu la Chiriku mpaka mwanga ukapenya kati ya vidole.

Mtu mmoja nyuma akaguna. Tusekile hakugeuka.

Mzee Ishirini alipofika aliweka kiganja Korongo bila kusita, akaondoka akitazama chini.

Chiriku ikapata, kwa kura moja.

*

Vibandiko vingetolewa jioni. Kabla ya hapo watu walitembea kwa mara ya mwisho, wengine wakilia bila kujua wanalilia nini, wengine wakiimba. Tusekile alitembea haraka. Miguu iliyotulia jana ilikuwa imeanza tena, mibaya kuliko mwanzo, na sasa hakuwa na dawa ya kuisingizia.

Alipita kona, akamkuta Mzee Ishirini ana kwa ana.

Hakukuwa na kikohozi, maana mzee hakuwa akitembea. Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefika. Macho yao yakakutana. Yalikuwa macho ya kahawia tu, yenye maji kidogo, ya mtu mzima aliyechoka. Wote wawili wakashtuka kama waliofumaniwa.

Mzee akakohoa.

"Nimechelewa," akasema kwa aibu.

"Hukukosea, baba." Tusekile akageukia ukuta, polepole, akainamisha kichwa.

"Nimeshindwa leo, mwanangu. Hoja yangu imeanguka, na yule mzee wa mlangoni sijui nitamwambia nini. Lakini nimekaa hapa, na miguu haidai kitu. Tangu nije sijawahi kukaa hivi. Unaelewa wewe?"

"Naelewa."

"Basi nielezee."

"Jioni utaelewa, baba. Jioni hii hii."

Mzee akashusha pumzi. Kisha akasema asante. Kifaa kilimletea Tusekile neno hilo kwa Kiswahili, laini kama yote, lakini chini ya sauti ya kifaa, kabla haijalifunika, alisikia neno lenyewe kama lilivyotoka kinywani, kwa lugha ya kwao.

*Ndaga.*

Hakujibu. Angejibu kwa neno lile lile na sauti ingemsaliti. Alibaki ameegemeza paji la uso ukutani, na ukuta ulikuwa mweupe na haukusogea. Alimwona baba mkwe wake ameketi mlangoni, fimbo magotini, akingoja. Vijana wa gari wasingeweza kumwinua. Ingebidi aende mwingine, asimame mbele yake, amtazame machoni na kumweleza. Na Tusekile, ambaye katika miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kumwambia mzee yule neno uso kwa uso, akaanza pale pale, kwa kunong'ona, kulitafuta la kwanza.